Jinsi ya kupiga Windows 7 upya na kuiwekea apdeti zote bila kukwama

Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na hata kampuni zilizokuwa zikilipia apdeti za ziada zilifikia mwisho Januari 2023. Lakini kompyuta zake bado zinaletwa mezani kwangu. Leo ni ya mtu mwenye mashine ya kudarizi nembo za sare za shule, programu yake haitaki Windows nyingine. Kesho ni ya stationery yenye ploti ya zamani, draiva yake, programu inayoiunganisha na kompyuta, iliishia hapohapo kwenye 7. Kama yako si ya aina hiyo, unaandika barua na kutazama video tu, usijichoshe: weka Linux Mint, mambo yaishe. Mwongozo huu ni wa anayelazimika.

Kupiga Windows yenyewe si kazi. Kazi iko kwenye apdeti. Ukimaliza tu, unabonyeza "Check for updates", inazunguka weee, kisha inakuletea kosa 80072EFE, na mtu anaanza kulaumu bando. Bando halina kosa. Mwaka 2019 Microsoft walianza kuziwekea apdeti sahihi ya kidijitali (alama ya kuthibitisha kuwa ni za kweli) ya aina mpya, SHA-2, badala ya ile ya zamani, SHA-1, na 2020 wakafunga njia ya zamani ya kuzipata. Windows 7 iliyotoka kwenye DVD haiitambui SHA-2, na apdeti ya kuifanya iitambue haiwezi kujishushia yenyewe. Ndiyo maana tunaiwekea kwa mkono, tena kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Kusanya kila kitu kwenye kompyuta nyingine

Internet Explorer 8 inayokuja na Windows 7 haifungui tovuti nyingi za siku hizi, kwa hiyo usitegemee kushusha chochote baadaye. Tafuta ISO safi, yaani faili moja lenye DVD nzima ya Windows, yenye Service Pack 1 (furushi kubwa la marekebisho ya Windows 7) ndani. Zile zilizopachikwa kraki, yaani kiprogramu cha kukwepa leseni, achana nazo. Hujui kilichofichwa humo, na hii ni kompyuta ambayo haitapata kinga mpya tena. Namba ya leseni iko kwenye stika chini ya laptop. Ikiwa imefutika, chomoa betri uangalie ndani, maana laptop nyingi zimebandikwa humo. Ipige picha.

Shusha pia draiva za mtandao na za chipset kutoka tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, pamoja na kifungashio kizima cha Firefox 115 ESR, toleo la mwisho linalokubali Windows 7.

Kisha ingia Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft ya kushushia apdeti, uandike namba hizi za apdeti moja moja:

KB3020369
KB3125574
KB4490628
KB4474419
KB4536952
KB4534310
KB4539602

Soma jina la kila faili kabla ya kushusha. Kwenye orodha hiyohiyo kuna za Windows Server 2008 R2 na za Embedded, na zinafanana sana. Unachotaka ni "Windows 7", yenye x64 kama mfumo wako ni wa biti 64. KB4474419 ina matoleo kadhaa. Chukua lenye "v3" katikati ya jina la faili. KB3125574 ni nzito sana, ya biti 64 inakaribia MB 480, kwa sababu imebeba marekebisho mengi ya tangu Service Pack 1 mpaka Aprili 2016 kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 2: Hamisha kazi za mteja

Nakili faili zote nje ya diski. Kwa programu za mashine, chukua na folda ya usanidi wake, si michoro peke yake. Muulize mwenyewe CD ya programu iko wapi kabla hujafuta kitu.

Hatua ya 3: Flashi na BIOS

Tengeneza flashi ya kubutia kwa programu ya Rufus, chagua MBR. Kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) zima Secure Boot, washa Legacy au CSM, na diski iwe AHCI.

Hapa kuna mtego unaowatesa wengi. Unabuti vizuri, ukibonyeza "Install now" inakuambia "A required CD/DVD drive device driver is missing", wakati hata DVD hutumii. Windows 7 haina draiva ya USB 3.0. Chomoa flashi kwenye tundu la bluu, ichomeke kwenye tundu jeusi, anza tena. Ikiwa kompyuta ni ya Intel kizazi cha 6 kwenda juu, hata kibodi na mausi ya USB vinaweza kufa hapo. Itabidi uingize draiva za USB 3.0 ndani ya ISO kwanza, au utumie kibodi ya PS/2 kama tundu lake lipo.

Hatua ya 4: Piga Windows, mtandao ukiwa nje

Chomoa waya wa mtandao na usiguse Wi-Fi. Chagua "Custom", futa patisheni ya mfumo tu, ile yenye kazi za mteja iache. Ikikuuliza kuhusu apdeti, jibu "Ask me later".

Suala la mtandao silifanyii mzaha. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi ya kufunga faili na kudai pesa, ilisambaa yenyewe kupitia SMBv1, njia ya zamani ya Windows ya kuchangia faili kwenye mtandao, na kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7. Kiraka chake kilitoka Machi mwaka huohuo. Windows uliyoipiga sasa hivi haina hicho kiraka.

Hatua ya 5: Apdeti, kwa mpangilio uleule

Kwanza angalia saa. Betri ya BIOS ikiwa imekufa, kompyuta itakwambia ni 2009, na hapo vyeti vya usalama vya tovuti vitakataliwa. Badilisha betri, ni ile CR2032 ya duara, kisha weka tarehe sahihi.

Sasa fungua faili moja moja kwa kufuata orodha ya hatua ya 1, kutoka juu kwenda chini. Ikidai kuwashwa upya, iwashe, usiruke. KB4490628 inaandaa kisakinishi, KB4474419 ndiyo inayoleta SHA-2. Ukiitanguliza KB4534310 kabla ya hizo, itakataa. KB3125574 inachukua muda mrefu. Kwenye diski ya kizamani nenda kanywe chai, na usizime hata ikionekana imeganda.

KB4534310 ndiyo furushi la mwisho la bure, la Januari 14, 2020, na lilikuja na kituko: picha ya mandhari (wallpaper) ikiwekwa "Stretch" inageuka nyeusi. KB4539602 inarekebisha hilo, ndiyo maana ipo mwishoni.

Hatua ya 6: Kabla ya kumkabidhi mwenyewe

Weka draiva, kisha Firefox. Naipendelea kwa sababu ina hifadhi yake ya vyeti, haitegemei vile vya zamani vya Windows. Zima Remote Desktop, inayoruhusu kompyuta kuendeshwa kutoka mbali. Zima na SMBv1 upande wa mteja: fungua cmd kwa "Run as administrator", andika:

sc.exe config lanmanworkstation depend= bowser/mrxsmb20/nsi
sc.exe config mrxsmb10 start= disabled

Acha nafasi baada ya alama ya sawasawa, la sivyo amri inagoma. Washa upya. Kama kuna printa au kompyuta ya XP inayochangia folda kwa SMBv1, haitaonekana tena, kwa hiyo uliza kwanza.

Halafu sakinisha programu ya mteja, jaribu mashine yake mbele yake, washa leseni ndani ya siku 30, na utengeneze taswira ya mfumo mzima kwenye diski ya nje kupitia "Backup and Restore", "Create a system image". Tengeneza pia CD ya "System repair disc", kwa sababu bila kitu cha kubutia, taswira hiyo hairudi. Diski akae nayo mwenyewe.