Nusu Upike, Nusu Ununue: Namna ya Kula Vizuri Mombasa kwa Pesa Kidogo

Mtu anayetaka kula vizuri Mombasa kwa pesa kidogo hana haja ya kuchagua kati ya jiko la nyumbani na kibanda cha mtaani, kwa sababu wenyeji wa mji huu hawakuwahi kuvitenganisha viwili hivyo. Asubuhi utakutana na mtoto aliyetumwa na bakuli lenye kifuniko akanunue mbaazi, huku kwao mahamri yakikaangwa; na nyumba ya pili mambo ni kinyume chake, mbaazi ziko tayari mekoni na anayengojewa ni mwenye kuleta mahamri. Desturi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa maana nimekula hivi tangu utotoni na sijaona njia nyingine inayompa mtu chakula kizuri kwa gharama ndogo kama hii. Pika mwenyewe kile kinachotaka subira na viungo vya bei nafuu, na ununue kile kinachotaka karai kubwa la mafuta, tanuri, au mkono uliozoea kazi hiyo kwa miaka mingi.

Jambo la kwanza la kujifunza ni saa, kwa kuwa kila chakula cha mtaani kina wakati wake, na anayekwenda nje ya wakati huo hula masalio. Mahamri hutafutwa baada ya sala ya alfajiri hadi jua linapoanza kupanda. Viazi karai na bajia huanza kunukia alasiri. Mishkaki huwekwa juu ya makaa giza linapokaribia, na muuza kahawa hupata wateja wake wengi watu wanapotoka msikitini na kuketi barazani. Siku ya Ijumaa tazamia pilau au biriani katika hoteli nyingi, lakini uende kabla au baada ya sala, kwani mitaa ya Mji wa Kale hutulia wakati huo. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hugeuka: mchana hoteli nyingi za huko hufungwa, kisha alasiri meza za futari hujaa sambusa, katlesi, kaimati, vitumbua na vibibi.

Tuanze na kiamsha kinywa, kwa sababu hapo ndipo kanuni ya nusu kwa nusu inapoonekana wazi zaidi. Ushauri wangu ni kwamba upike mbaazi na ununue mahamri. Si kwamba mahamri hayapikiki nyumbani; unga wa ngano, sukari, hamira, iliki na tui vinapatikana duka lolote. Lakini donge linataka kukandwa sana na kuachwa liumuke, na mafuta yanataka kuwa mengi na yenye moto wa kutosha ili mvuke ulioko ndani ya donge uliinue hamri kabla ukoko haujakauka. Mafuta yakipoa kidogo tu, hamri hulala, hunywa mafuta na kuwa zito. Mama anayekaanga mamia kila asubuhi huujua moto wake kwa kuutazama, na hamri lake ukilipasua lina uwazi ndani na harufu ya iliki. Ukifika kwake, salimu kwanza kama inavyostahili, ndipo uagize.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nikupe mangapi?”

“Manne, mama, na tafadhali uyatoe katika yale yanayotoka karaini sasa.”

Hakuna atakayekasirika kwa ombi hilo, na kwa afya yako lina maana kuliko unavyodhani, kwa kuwa chakula kilichotoka katika mafuta ya moto dakika hiyo ni salama kuliko kilichokaa juu ya meza tangu saa kumi na mbili.

Mbaazi, kwa upande mwingine, hazina ugumu wowote isipokuwa muda. Chukua vikombe viwili vya mbaazi kavu, zichambue mawe, zioshe, kisha uziloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi zichemshe; au, vizuri zaidi, ziloweke mchana na uzichemshe jioni ya siku inayotangulia. Maji ya chemko la kwanza yamwage, kwani huondoka na uchungu fulani, kisha uongeze maji mapya na uzipike hadi punje iminyike kwa vidole viwili bila kushindana nawe. Huku mbaazi zikiendelea, shughulikia nazi. Mgeni wa Pwani mara nyingi hukosea hapa, akanunua nazi yoyote anayopewa. Dafu ni la kunywa na halina tui. Koroma limeanza kukaza nyama lakini tui lake ni jepesi na halina mafuta. Kinachotakiwa ni nazi iliyokomaa, nzito mkononi, yenye maji yanayosikika ukiitikisa, na yenye macho makavu yasiyo na ukungu. Nazi isiyo na maji kabisa ndani huenda imeanza kuharibika, na tui lake litakuwa na harufu ya mafuta ya zamani.

Nazi mbili zinatosha. Zikune kwa mbuzi, ukizungusha kifuu polepole na kuacha mara tu unapofikia ngozi ya hudhurungi, kwa maana ngozi hiyo hulitia tui rangi chafu. Mimina kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu juu ya nazi iliyokunwa, ikamue vizuri na uichuje kwa kifumbu au chujio: hilo ni tui la kwanza, zito, nalo liweke kando. Ongeza vikombe vitatu vya maji, ukamue tena upate tui jepesi, kisha machicha uwape kuku kama unao. Tui jepesi litie katika mbaazi zilizoiva pamoja na kitunguu maji kilichokatwa, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa, na bizari ya manjano kidogo ukipenda. Ziache zichemke taratibu hadi mchuzi uanze kushikana. Tui zito ndilo la mwisho. Litie moto ukiwa mdogo, koroga kwa mwendo mmoja bila kuacha, kwani ukiliacha litokote kwa nguvu litakatika, mafuta yajitenge juu na mchuzi upoteze ulaini wake. Chumvi itie sasa, baada ya mchuzi kupungua, ili usije ukazidisha. Sufuria hiyo hulisha watu watano au sita, na gharama yake kubwa ni nazi.

Chakula cha mchana kina njia mbili. Ya kwanza ni hoteli ndogo, zile zenye benchi na sufuria kubwa mlangoni, ambazo unazikuta kuanzia Mwembe Tayari hadi Majengo na karibu na kivuko cha Likoni. Usiitegemee sana orodha iliyoandikwa ukutani. Uliza leo kumepikwa nini, kisha uliza bei kabla hujaketi. Angalia sahani za wenye kula kabla yako, hasa madereva, makuli na mafundi, ambao hula hapo kila siku na hawawezi kumudu kuumwa. Fika mapema, kati ya saa sita na saa saba, wakati sufuria bado ziko motoni. Wali wa nazi na maharagwe, au sima na mchicha, ni chakula kamili, na katika hoteli nyingi ukiomba nusu sahani utapewa. Kwa biriani, ujue kwamba ya Waswahili hupikwa wali mbali na masala mbali, vikakutana sahanini. Kwa hiyo uionje masala kabla hujaichanganya, kwani huko ndiko mpishi alikoweka kazi yake yote.

Njia ya pili ni samaki, nayo naipenda zaidi, ingawa inataka macho makali. Nenda asubuhi kwenye soko la samaki karibu na Bandari ya Kale, uone walicholeta wavuvi. Katika miezi ya kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu kiasi na samaki huwa wengi; pepo za kusi zinapovuma, ngalawa nyingi hushindwa kwenda mbali, samaki hupungua na bei hupanda. Kwa kupika kwa watu wachache, chagua tasi au changu mzima. Macho yawe maangavu yaliyojaa, matamvua yawe mekundu, nyama irudi mahali pake ukiibonyeza kwa kidole, na harufu iwe ya bahari, si ya samaki. Palepale sokoni wapo vijana watakaokupaia magamba na kumtoa matumbo kwa malipo madogo. Kazi hiyo ni mojawapo ya zile zinazofaa kununuliwa.

Naomba msomaji azingatie sana suala la ubaridi. Wakati mmoja nilinunua vipande vya jodari alasiri, mahali ambapo vilikuwa vimekaa juani bila barafu, nikavutiwa na punguzo la bei. Nilivipika vikaiva kabisa, lakini muda mfupi baada ya kula uso uliniwaka, midomo ikawasha na kichwa kikaniuma vibaya. Daktari alinieleza kwamba samaki wa jamii ya jodari na nguru wasipowekwa kwenye baridi, vijidudu huzalisha katika nyama yao kemikali iitwayo histamini, na kemikali hiyo haiondoki kwa kupikwa, hata uchemshe kutwa. Tangu siku hiyo sinunui samaki wa aina hiyo ila nimeona barafu kwa macho yangu, na natamani kila mpishi wa nyumbani afanye vivyo hivyo.

Samaki akishapatikana, mchanje ubavuni mara tatu kila upande, mpake kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, ndimu, pilipili na chumvi, umwache nusu saa. Huku nyuma, chemsha tui zito la nazi moja na bizari ya manjano na ukwaju kidogo, ukikoroga hadi lishikane kama uji. Mchome samaki juu ya makaa yaliyokwisha kutoa moshi, na anapokaribia kuiva umpake tui upande mmoja, umgeuze, umpake tena, hadi limkolee. Huyo ndiye samaki wa kupaka. Wali wa kumlia unaweza kuupika wewe. Lakini kama uko Mji wa Kale na unamjua mtu anayeoka mkate wa mofa katika tanuri la udongo, ununue huo, kwa kuwa jiko la kawaida la nyumbani halitaweza kuutoa namna ile.

Jioni ni wakati wa kutembea, na hapo pika kidogo sana au usipike kabisa. Barabara ya Mama Ngina, inayotazama mlango wa bahari ambamo meli hupita zikielekea bandarini Kilindini, ndipo familia nyingi huenda kupunga upepo, na kuna mihogo ya kuchoma na ya kukaanga, krispi za muhogo, madafu na maembe mabichi yenye pilipili. Muhogo wa kuchoma upasuliwe mbele yako, utiwe chumvi, pilipili ya unga na ndimu ukiwa bado wa moto. Ukipoa hukaza na kupoteza utamu. Viazi karai huhitaji uangalifu zaidi, kwani ni viazi vilivyochemshwa vikavikwa uji mzito wa unga na kuzamishwa mafutani, na ubora wake wote uko katika mafuta. Tazama karai: mafuta mazuri yana rangi ya dhahabu na hayatoi moshi mkali. Yakiwa meusi na yenye povu zito, aga kwa upole na uende kwa jirani. Mchuzi wa ukwaju uombe uwekwe pembeni, ili ganda la kiazi lisilowe kabla hujalifikia.

Kwa mishkaki, swali la kuuliza ni moja tu: nyama imelazwa na nini. Akikutajia papai bichi, tangawizi na kitunguu saumu, nunua bila wasiwasi wa ugumu, kwa sababu papai bichi lina kimeng’enya kinacholainisha nyama. Ukitaka kujaribu nyumbani, saa moja au mbili za papai zinatosha. Ukilaza usiku kucha nyama hulegea ikawa kama uji na haitashika kwenye kijiti. Baadaye tafuta kahawa chungu yenye tangawizi, inayomiminwa kutoka kwenye dele, yaani birika la kahawa, hadi kwenye finjani, na kipande cha kashata au haluwa cha kuisindikiza.

Ukirudi nyumbani, kumbuka sufuria ya mbaazi za asubuhi. Katika joto la Mombasa tui huchacha upesi, kwa hiyo zilizobaki ziwe zimekwisha kupoa na kuingia kwenye friji mapema mchana, katika chombo kipana na kifupi kinachopoa haraka, na wali wa kiporo ufanyiwe hivyohivyo. Kama huna friji, pika kipimo cha mlo mmoja. Asubuhi inayofuata, zilizokuwa kwenye friji zipashe moto mdogo kwa maji kidogo ukizikoroga hadi zichemke kote, na wakati zinafuka, mtume mtoto akachukue mahamri manne.