Kabla ya kuziba kidonda cha makalio kwa upasuaji

Kidonda cha mtumiaji wa kitimwendo kikishachimba hadi karibu na mfupa, daktari hukiziba kwa kusogeza ngozi na nyama ya jirani, ikiwa bado na mishipa yake ya damu. Nyama hiyo haina akiba kubwa. Mshono ukifumuka, safari ya pili kinabaki kidogo cha kuchukua, kwa hiyo usione haya kuomba wiki kadhaa za maandalizi.

Chakula kwanza, maana kidonda kinachovuja kinamwaga protini kila siku. Lenga gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili: mwenye kilo 60 anahitaji gramu 75 hadi 90 kwa siku. Yai lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Uji mtupu na chai ya rangi havikufikishi huko. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Sigara ikome angalau wiki 4 kabla, kwani hubana mishipa midogo inayolisha nyama iliyohamishwa. Wingi wa damu na sukari vipimwe mapema.

Miguu inayorukaruka yenyewe huvuta mshono usiku kucha. Dozi ya baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, irekebishwe kabla, na isikatishwe ghafla. Mfupa ukishukiwa kuoza, kipande chake ndicho kipimwe, kwa sababu usaha wa juu huonyesha vijidudu vya juu tu. Panga pia ratiba ya choo, kinyesi kisifikie mshono.

Aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu amwambie daktari wa ganzi. Hata asiposikia maumivu, presha yake inaweza kupanda ghafla, kichwa kikamgonga na jasho likamtoka. Mara nyingi chanzo ni mpira wa mkojo ulioziba.

Linalosahaulika zaidi ni kitanda. Baada ya upasuaji utalala wiki 3 hadi 6 bila kukaa kabisa. Nani atakugeuza kila saa 2, hata usiku wa manane? Godoro la hewa litategemea nini umeme ukikatika? Weka godoro nene la sponji tayari.

Mto wa kiti ukaguliwe kabla hujalazwa: ule uliokuumiza utakuumiza tena. Siku ya kwanza ya kukaa ni dakika 15 tu, kisha ngozi iangaliwe. Wekundu usipotoweka ndani ya nusu saa, rudi kitandani umwone daktari.