Maua ya jalalani, marikani ya dukani: kupata manjano isiyochuja

Juzi binti mmoja wa Tanga ninayemwelekeza kwa simu kutia vitambaa rangi kwa maua alinitumia picha na maneno manne: "Dada, nimelia mpaka basi." Kitambaa chake kilikuwa na mabaka kama ukuta uliovujiwa na mvua. Alikuwa amepata gunia zima la maua kwa mpambaji wa ukumbi, akayachemsha kutwa, akatumbukiza mita tatu za marikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Sikuuliza habari za maua. Nilimuuliza, "Kitambaa ulikifua vipi?" Akasema, "Kilikuwa kipya, dada, sikukifua."

Nimeandika haya kwa sababu nimechoka kuyarudia kwenye sauti za WhatsApp. Mimi ni mtu wa batiki kwa miaka mingi, na maua nilianza kwa ubahili tu, rangi za dukani zilipopanda bei. Hesabu zote hapa chini ni za nusu kilo ya kitambaa kikavu. Kipime kwenye mizani kabla hakijagusa maji. Ukiwa na robo kilo, gawa kila kitu kwa mbili. Usipime kwa macho.

Hatua ya 1: Kupata maua, na kuyachagua

Ua la kuanzia ni merigoldi, yale ya rangi ya chungwa na njano ambayo Wahindi hutunga mashada. Dar es Salaam nenda Mtaa wa Kisutu, kwenye mahekalu, hasa siku baada ya Diwali. Ingia kwa adabu, vua viatu, uliza. Yale mashada yametolewa kwa ibada, hivyo si takataka machoni pa wenyewe hata kama yamenyauka. Eleza unayapeleka wapi. Mimi sijawahi kunyimwa, ila niliwahi kuhojiwa nusu saa nzima na mzee aliyetaka kuhakikisha siyafanyii mzaha.

Kwa wapambaji wa harusi nenda Jumapili asubuhi, kabla gari la taka halijapita. Siku hizi kumbi nyingi zinapambwa kwa maua ya plastiki, kwa hiyo piga simu kwanza usije ukatembea bure. Chukua krisantemumu za njano. Mayungiyungi yaache: hayana kitu, na chavua yake itakuchafua mikono na nguo uliyovaa.

Sasa waridi jekundu, maana kila mtu huniuliza. Waridi jekundu halitakupa nyekundu. Maji yatakuwa mekundu kama juisi ya choya na utafurahi, kisha kitambaa kitatoka na zambarau iliyofifia, ukikifua kwa sabuni kitageuka kijivu chenye ukijani, ukikianika juani wiki kadhaa hutakitambua. Wekundu wa waridi ni ule ule wa choya: hubadilika kila ukigusa ndimu au magadi, na jua huula. Mimi waridi nalitumia kwa kijivu tu, pamoja na maji ya kutu ambayo nitayataja huko mwisho. Kijivu hicho ni kizuri kweli. Ila usimuuzie mtu kitambaa cha pinki ya waridi halafu ukazima simu.

Nyofoa petali, tupa vikonyo na nyuzi za shada, suuza, maana maua ya biashara hupuliziwa dawa. Kama hutayatumia leo, yaanike kivulini, yametandazwa safu moja. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, ndipo mvua za vuli zinapoanza, kwa hiyo yageuze kila siku yasije yakaota ukungu.

Hatua ya 2: Kitambaa

Pamba tupu. Marikani ndiyo kipenzi changu: nafuu, nzito kiasi, haijapaushwa. Jina lenyewe ni la Marekani, tangu meli za Salem, Massachusetts zilipokuwa zikishusha majora Unguja katika karne ya 19. Muuza duka akikuapia kuwa ni pamba, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Uzi ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, hiyo ni poliesta, na maua hayaiwezi.

Hatua ya 3: Kufua (hapa ndipo penye kazi)

Mwaka wa kwanza nilipoteza jora karibu zima kwa hatua hii, sikujua kosa liko wapi. Nilitia rangi mita saba, zikatoka na mabaka. Nikalaumu maji ya kisima, nikanunua ya bomba kwa madumu. Mabaka. Nikalaumu shabu, nikabadilisha duka. Mabaka. Nikalaumu maua, nikarudi Kisutu. Siku ya pili jioni, nimeketi na kipande kipya mapajani, kikombe cha chai kikatikisika na tone likadondoka juu ya kitambaa. Halikuingia. Likakaa juu pale, la mviringo, kama tone la mvua kwenye jani la mgomba. Hapo nikaelewa. Kama chai haiingii, rangi itaingiaje?

Marikani mpya ina vitu viwili. Kwanza, pamba yenyewe ina nta ya asili. Pili, kiwandani nyuzi hutiwa wanga ili zisikatike kwenye mtambo wa kufumia. Kufua kwa mkono na sabuni ya unga kwenye beseni hakuondoi wala nta wala wanga, hata ukifikicha mpaka vidole vichubuke. Fanya hivi:

Loweka kitambaa usiku kucha katika maji ya moto yaliyokifunika kabisa. Asubuhi mwaga. Maji yatateleza kidogo ukiyasugua kati ya vidole: huo ni wanga.

Weka kitambaa kwenye sufuria kubwa, maji yawe mengi kiasi kwamba kitambaa kinaogelea. Kikibanana, patakapobanana ndipo baka litakapozaliwa. Tia vijiko viwili vya chakula vya magadi soda na kipande cha sabuni ya mche kilichokunwa. Magadi soda ninayosema ni ule unga mweupe wanaouza wauza vifaa vya sabuni. Si baking powder. Si kostiki, hiyo itakuunguza. Na si magadi ya mawe ya kulainishia maharage: yale yana udongo, na udongo una chuma, na chuma huifubaza njano.

Chemsha kwa moto wa kiasi saa moja na nusu, ukigeuza kila baada ya muda. Maji yatakuwa ya rangi ya chai. Utashangaa uchafu umetoka wapi kwenye kitambaa kipya. Mwaga, suuza, na kama maji yalikuwa meusi sana rudia tena. Mimi marikani naichemsha mara mbili siku zote, sibishani na mtu.

Kisha pima. Kianike kikauke, halafu dondosha tone la maji sehemu tano: pembe nne na katikati. Likizama papo hapo, nta imetoka. Likisitasita hata kidogo, rudi sufuriani. Kwa wanga, nunua iodini ya vidonda duka la dawa, changanya na maji iwe ya rangi ya chai ya rangi, weka tone pembeni. Ikigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo. Dada yangu ni mwalimu wa sayansi, ndiye aliyenikumbusha. Ni lile lile jaribio la kiazi tulilofanya shuleni na kulisahau. Mimi miaka yote ile nilikuwa nabahatisha.

Usipime sehemu moja tu. Upindo wa kiwandani huwa na wanga mwingi kuliko katikati, kwa hiyo katikati patakudanganya.

Hatua ya 4: Dawa ya kushikisha rangi

Mtandaoni utaambiwa chemsha kitambaa na chumvi na siki, basi. Kwa pamba, hiyo ni kupika kachumbari. Rangi itaonekana siku ya kwanza na itaondoka kwa ufuaji wa tatu. Maua yanahitaji shabu, ile ile ya vinyozi na ya kusafishia maji, iliyosagwa. Na pamba nayo haishiki shabu vizuri mpaka uipe kitu chenye ukakasi kwanza, kama vile maganda ya komamanga.

Chemsha gramu 100 za maganda makavu ya komamanga saa moja, chuja, loweka kitambaa humo mpaka kesho yake. Majani ya chai nayo hufanya kazi, ila huacha uhudhurungi unaoua njano. Magome ya mkoko yaache kabisa hapa, yanatia wekundu wake. Kikamue, usikisuuze.

Sasa yeyusha gramu 75 za shabu katika maji ya moto, ndani ya ndoo kubwa. Nasema kubwa. Pembeni yeyusha gramu 10 za magadi soda, kisha mimina kidogo kidogo kwenye shabu. Itatoa povu kwa fujo. Mara ya kwanza nilimimina yote kwa pamoja kwenye ndoo ya lita tano iliyojaa nusu, povu likapanda likafurika hadi kwenye kanga niliyovaa. Si sumu, ni hewa tu inayotoka, lakini shabu yako itakuwa sakafuni. Povu likitulia, ongeza maji ya uvuguvugu, tumbukiza kitambaa, kigeuze mara kwa mara saa mbili za mwanzo, kiache usiku kucha. Suuza mara moja, kidogo.

Unga wa shabu usiuvute puani. Na sufuria za kazi hii zisirudi jikoni.

Hatua ya 5: Kupika maua

Kilo moja ya petali mbichi au robo kilo ya kavu. Maji yafunike. Moto mdogo, yatoe mvuke bila kutokota, saa moja. Ukiyachemsha kwa nguvu njano inageuka kahawia. Kwa hili naupenda mkaa kuliko gesi: funika makaa kwa majivu, moto unatulia wenyewe nawe unaendelea na mambo yako.

Watu watakuambia lazima sufuria iwe ya stili. Sufuria ya alumini ya kawaida inafaa kabisa, hata inang'arisha njano. Isiyofaa ni karai la chuma au bakuli la enameli lililobanduka.

Chuja kwa kitambaa. Usione uvivu, petali zikigusa nguo zinaacha alama.

Hatua ya 6: Kutia rangi

Kitambaa kiwe kimelowa. Saa moja kwenye moto mdogo, geuza, zima, kiache kilale humo. Asubuhi kamua, kianike kivulini.

Hatua ya 7: Ukitaka kijani (au kijivu cha waridi)

Misumari yenye kutu, siki kikombe kimoja, maji vikombe viwili, kwenye chupa ambayo kifuniko hakijakazwa, wiki mbili. Vijiko vitatu vya maji hayo kwenye ndoo ya maji, tumbukiza kitambaa cha njano (au kile cha waridi, ukitaka kijivu), koroga. Ndani ya dakika tano utaona njano ikigeuka kijani cha jani la mzeituni mbele ya macho yako. Toa mara moja, suuza sana. Usiongeze ili iwe nyeusi zaidi: chuma kikizidi hula pamba, na baada ya mwaka kitambaa kitapasuka kama gazeti la zamani. Beseni na mwiko wa kutu viwe vyake peke yake. Kijiko kimoja kilichosahauliwa kinatosha kuharibu njano ya kesho.

Kufua na kuvaa

Kiache siku kumi kabla ya kufua. Kisha maji baridi na sabuni laini ya mche, kwa sababu sabuni kali ya unga huisogeza njano kuelekea chungwa. Kianike kwa nje-ndani, kivulini.

Na ndimu. Binti wa Tanga, nakuandikia wewe hasa: nilimpa mama mkwe kitambaa cha meza cha njano, kikatandikwa Idi, mtu akakamua ndimu kwenye pilau. Kila tone la ndimu liliacha duara jeupe, kwa sababu ukali wake huivua shabu na rangi pamoja. Halirudi kwa kufua. Kile cha mama mkwe nilikichovya chote kwenye maji ya kutu, madoa yakabaki yanaonekana kwa mbali, naye anawaambia wageni ni nakshi.