SOMO: Kumfuga buibui mrukaji hapa Dodoma bila kununua kitu

Wakuu habari za humu. Jirani yangu alinikuta nimeinamia ukuta wa kibaraza na simu nusu saa nzima akadhani nimechanganyikiwa, basi ngoja nieleze. Namzungumzia yule buibui mfupi wa ukutani mwenye manyoya, anayeruka, ukimsogelea anageuka anakukazia macho. Sio wa miguu mirefu wa kwenye dari, na sio buibui la kuvaa. Kitaalamu ukoo wao ni Salticidae, una aina zaidi ya 6,000, hakuna ukoo wa buibui ulio mkubwa kuliko huo. Hategi nyuzi asubiri, ananyemelea kama paka.

HATUA YA 1: Kumkamata
Saa tatu nne asubuhi ukuta ukishapata jua ndio anatoka kuwinda. Mfunike na glasi, pitisha karatasi chini taratibu, kwisha. Usimbane na vidole, tumbo lake ni laini mno. Nyumba iliyopuliziwa dawa ya wadudu karibuni achana nayo, utamchukua maiti mtarajiwa.

HATUA YA 2: Nyumba yake
Kopo angavu la pipi linatosha, lenyewe liwe na kimo. Sasa hapa wengi wanakosea: yeye hulala juu kabisa, anajishonea kifuko cha hariri pale karibu na mfuniko, halafu wewe kila ukifungua unamchania kitanda. Lipindue kopo, mfuniko ukae chini. Toboa matundu ubavuni kwa sindano ya moto, weka kijiti kikavu ndani. Na tafadhali usizibe na kipande cha chandarua, vile vya kugawiwa vina dawa, vitamuua.

HATUA YA 3: Maji
Hii ndio ya kwetu sisi watu wa Dodoma. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hakuna, upepo ule unakausha mpaka midomo ya binadamu, sasa kiumbe cha milimita kumi itakuwaje? Njaa anaivumilia siku kadhaa ila kiu hapana. Kila siku moja au mbili dondosha tone dogo ubavuni kwa bomba la sindano, utamwona anasogea anakunywa, usimwekee maji ya kusimama atazama. Ukiona tumbo limesinyaa kama zabibu kavu ujue umechelewa, mpe maji kwanza kabla ya chakula. Wangu wa kwanza sikumuua kwa kiu hata, nilimwacha dirishani mwezi wa kumi, asubuhi palikuwa kivuli, narudi mchana jua limehamia pale, kopo linachoma mkono. Niliumia jamani. Kivulini, siku zote.

HATUA YA 4: Chakula
Kila siku mbili tatu, mdudu hai asiyemzidi ukubwa. Msimu wa zabibu sisi tumebarikiwa, weka zabibu mbili zilizopondeka kwenye chupa wazi, vile vinzi vidogo vinajileta vyenyewe, unaziba unampelekea. Usimpe siafu, wanamng'ata. Tumbo likiwa nene ruka siku.

HATUA YA 5: Kumtazama
Ndio raha yenyewe. Macho yapo manane, yale mawili makubwa ya mbele hayazunguki kwa nje, kinachosogea ni sehemu ya ndani ya jicho, ndio maana ukikaza macho utaona rangi inabadilika humo. Kabla hajaruka anabandika uzi, akikosa ananing'inia. Na miguu hairuki kwa misuli minene kama ya panzi, anasukuma majimaji ya mwilini kwa nguvu, miguu ya nyuma inanyooka ghafla, huyo keshaondoka.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu, buibui wangu kajifungia siku ya sita leo hataki kula, anakufa?
Jibu: Hapana, anajivua gamba, na sio lile la wanasiasa. Usimfungue wala kumpa mdudu, dondosha tone la maji tu ubavuni mwa kopo. Akitoka mwache siku mbili ngozi ikomae.

Mdau wa Kisasa: Bibi anasema buibui akikukojolea unatoka malengelenge, kanikataza.
Jibu: Shikamoo yake bibi, ila anayefanya hayo mara nyingi ni kale kadudu kembamba keusi na kekundu ka msimu wa mvua, narobi flai, ukikaponda kwenye ngozi sumu yake inachoma. Usikaponde, kapulize. Buibui wetu akibanwa sana anaweza kuuma ila sumu yake haimsumbui mtu.

Mdau wa Ipagala: Nikiwa nao kumi nitaachana na neti?
Jibu: Thubutu. Hawa wanawinda mchana, mbu wa malaria anakuja umelala. Kule Ziwa Victoria upande wa Kenya na Uganda kuna mmoja, Evarcha culicivora, anawapenda sana mbu walioshiba damu, lakini hata huko watu wanalala kwenye neti.

Mdau wa Nkuhungu: Samahani tena mkuu, nimeokota na dume, niwaweke pamoja?
Jibu: Dume utamjua kwa vile viungo vifupi vya mbele ya mdomo, vimevimba ncha kama ngumi za bondia. Mlishe jike ashibe kwanza, waachie dakika chache, dume atainua miguu acheze. Jike akimrukia watoe haraka, ukienda kupika chai utakuta umebaki na mmoja.