Somo: Uozo wa bilinganya huanzia kwenye mbegu

Swali la "bilinganya zangu zinaoza, nipulizie dawa gani?" limejirudia mno, na karibu kila anayeliuliza huwa amechelewa, kwa sababu ukungu uitwao Phomopsis vexans husafiri na mbegu na hujificha katika mabaki ya mimea muda mrefu kabla ya tunda la kwanza kuonyesha doa.

Hatua ya 1. Thibitisha ugonjwa. Doa la tunda hubonyea, huwa na rangi ya kahawia iliyopauka, na hujaa vidoadoa vyeusi ambavyo mara nyingi hujipanga kwa miduara. Miche hudhoofika na kukatika usawa wa udongo.

Hatua ya 2. Usitoe mbegu katika tunda lenye doa, hata kama upande wa pili ni mzima.

Hatua ya 3. Tibu mbegu kwa maji moto. Zifunge kwa kulegea katika kitambaa chepesi, uziloweke dakika 10 katika maji ya nyuzi 38 za Selsiasi, uzihamishie katika maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 huku ukikoroga, kisha uzipoze katika maji baridi na kuzianika kivulini. Hapa ndipo mbegu nyingi huuawa: joto likizidi kidogo tu kiini hufa, likipungua ukungu hubaki hai, na kidole hakiwezi kuitambua tofauti hiyo. Kitambaa kisiguse kitako cha sufuria, kwa kuwa huko joto ni kali zaidi. Mbegu zilizokaa muda mrefu huvumilia vibaya, na zilizokwisha kupakwa dawa zisitiwe kabisa. Jaribu chache kwanza, uone kama zitaota.

Hatua ya 4. Otesha miche katika udongo usiowahi kuwa na bilinganya.

Hatua ya 5. Panda kwa nafasi, mwagilia shinani na tandaza nyasi, kwani matone ya maji ndiyo yanayorusha vimelea hadi kwenye majani na matunda.

Hatua ya 6. Toa shambani kila tunda lililooza, na usirudishe bilinganya hapo kwa miaka 3.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nusu ya shamba imeoza. Dawa gani?
Jibu: Soma tena sentensi ya kwanza. Dawa ya ukungu hulinda tunda zima, haiponyi lililooza. Ondoa yaliyooza, kisha tumia dawa iliyosajiliwa kwa bilinganya na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Swali: Sina kipimajoto, je, nichanganye tu maji ya kuchemka na ya baridi?
Jibu: Hapana. Azima kipimajoto.

Swali: Mimea yangu hunyauka, na shinani naona utando mweupe wenye vipunje vidogo vya kahawia. Ni ugonjwa huohuo?
Jibu: Ahsante ndugu kwa kuinama ukatazama shina. Huo ni ukungu mwingine, Sclerotium rolfsii, unaoshambulia mamia ya aina za mimea, zikiwamo nyanya, pilipili, karanga na maharage, kwa hiyo kupanda nyanya baada ya bilinganya ni kuulisha. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa shinani, lima kwa kina ili vipunje vifukiwe mbali na uso wa ardhi, kisha panda mahindi.

Swali: Na kama unanyauka bila utando wowote?
Jibu: Kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize katika glasi ya maji safi. Ute mweupe ukishuka kama uzi, hao ni bakteria, na hakuna dawa ya ukungu itakayokusaidia.