Namna ya Kulinganisha Fani za Chuo Kikuu kwa Kipato na Ajira za Wahitimu

Kabla ya kufungua jedwali lolote la mishahara, andika swali lako kwa sentensi moja. Anayetaka kujua atalipwa kiasi gani mara tu baada ya kuhitimu, na anayetaka kujua atakuwa amefika wapi akikaribia umri wa miaka 40, hawasomi safu moja.

Kisha hakikisha tarakimu unayoisoma ni ya aina gani. Chukua wahitimu watano wanaolipwa 400, 450, 500, 550 na 3,100 kwa mwezi. Wastani wao ni 1,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anayekipata, ilhali thamani ya kati, yaani mshahara wa yule anayesimama katikati wote wakipangwa kwa mstari, ni 500. Matangazo ya vyuo hupenda wastani. Wewe tafuta thamani ya kati, na ikiwezekana upate pia mpaka wa robo ya chini na wa robo ya juu, yaani kiasi ambacho robo ya wahitimu hulipwa chini yake na kile ambacho robo nyingine hulipwa juu yake. Fani mbili zikipishana kidogo katikati lakini robo ya chini ya mojawapo ikawa imezama mbali, tofauti iliyo muhimu ni hiyo ya chini, hasa kwa mtu anayesoma kwa mkopo.

Mfano mzuri wa jedwali la kujifunzia ni lile la Benki ya Federal Reserve ya New York, mojawapo ya benki za mfumo wa benki kuu ya Marekani, linaloonyesha kwa kila fani mshahara wa wahitimu wa miaka 22 hadi 27, wa miaka 35 hadi 45, kiwango cha ukosefu wa ajira, sehemu ya wahitimu wanaofanya kazi zisizohitaji shahada, na sehemu ya walioendelea na masomo ya juu zaidi. Lisome kwa kukata mstari mzima wa fani, usishuke na safu ya mshahara peke yake. Ualimu hulipa kidogo lakini wahitimu wake wengi hufanya kazi waliyoisomea. Sayansi ya kompyuta iko karibu na kilele kwa mshahara, lakini jedwali lililotolewa mwaka 2025 liliwaonyesha wahitimu wake wapya wakiwa na ukosefu wa ajira wa asilimia 6.1. Biolojia ndiyo huwapoteza wengi: mishahara inayoonyeshwa ni ya wenye shahada ya kwanza pekee wanaofanya kazi muda wote, kwa hiyo mhitimu aliyeendelea hadi akawa daktari hayumo katika hesabu hiyo, na anayeichagua fani kwa ajili ya udaktari anasoma mshahara wa watu wengine.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni nani aliyehesabiwa. College Scorecard, tovuti ya serikali ya Marekani ya kulinganisha vyuo iliyoanza mwaka 2013, hupima kipato cha wanafunzi waliopata msaada wa fedha wa serikali kuu tu, na huficha tarakimu za makundi madogo. Takwimu za Uingereza zinazounganisha rekodi za elimu na za kodi hufuatilia wahitimu mwaka 1, 3, 5 na 10 baada ya kumaliza, na hapo ndipo fani zinazoanza polepole huonekana zikipanda. Usilinganishe kamwe mwaka wa kwanza wa fani moja na wa tano wa nyingine. Walioacha masomo njiani nao hawamo katika kipato cha wahitimu, kwa hiyo tafuta pia kiwango cha kuhitimu.

Mwishowe, chuo kikikuambia kwamba asilimia 90 ya wahitimu wa fani fulani wameajiriwa, uliza ni wangapi waliojibu dodoso na kama kazi ya muda ilihesabiwa kuwa ajira. Wakijibu 40 kati ya 200, asilimia 90 hiyo ni watu 36, na habari za wale 160 waliokaa kimya hakuna anayezijua.