Kabla ya kufunga paa gumu kwenye MX-5, fungua zipu kwanza

Kwa wenye Mazda MX-5 ya kwanza (1989 hadi 1997), gari dogo la wazi la viti viwili, yenye dirisha la nyuma la plastiki: kabla ya kukunja turubai (paa laini la gari) ili ufunge paa gumu la kuvuliwa, fungua zipu ya dirisha, lilaze bapa nyuma ya viti, tandika taulo safi la pamba juu yake, ndipo ukunje turubai. Turubai litakaa limekunjwa chini ya paa gumu kwa miezi, na plastiki iliyopindwa muda wote huo hushika mkunjo, hasa kwenye baridi, kisha hupasuka papo hapo kwenye mkunjo. Taulo huzuia mikwaruzo. Fanya kazi hii gari likiwa kwenye joto, na turubai liwe kavu kabisa hadi kwenye mishono. Likifungiwa na unyevu litaota ukungu, na harufu yake haitoki kirahisi.

Plastiki iliyokwisha kuwa ya njano na ngumu haiokolewi na mbinu hii, itapasuka tu. Turubai lenye dirisha la kioo halina haja nayo.

Paa gumu lenyewe lina uzito wa takriban kilo 20, linabebeka, lakini mwe wawili: mmoja akiyumba, kona inachuna rangi. Utapata utulivu zaidi barabara kuu, na mwizi hawezi kupasua paa kwa kisu. Ila ukilivua na kuliacha nyumbani na mvua ikakukuta njiani, kinga yako ni lile turubai, kwa hiyo litunze.